Majua ya Mwaka Mzima kwenye Filamu Moja

Jua huchapika kwenye filamu kufumba na kufumbua. Kuuchapa mwaka mzima wa jua kwenye kipande kimoja cha filamu ni kazi nyingine, na aliyetangulia kuikamilisha ni Dennis di Cicco wa jarida la Sky & Telescope, kati ya 1978 na 1979, huko Watertown, Massachusetts, Marekani.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kamera hukazwa isitikisike mwaka mzima. Kila baada ya siku kadhaa, saa ileile, mathalani saa mbili na nusu asubuhi kamili, jua hupigwa kupitia kichujio kizito kinachoruhusu kitone tu cha mwanga, na filamu haisogezwi. Siku moja jua likiwa nje ya picha, kichujio huondolewa ili mandhari ya chini nayo iingie.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba fundi wa picha hii hawezi kuchungulia. Filamu haisafishwi hadi mwaka uishe. Mwanga ukivuja mara moja, au kamera ikisukumwa kidogo, miezi yote imepotea. Wingu husameheka, kwani kesho ipo. Saa haisameheki: ukichelewa dakika nne, jua limeshasogea kama nyuzi moja, karibu mara mbili ya upana wake. Na Wamarekani wanaposogeza saa mbele majira ya joto, yeye hupiga saa tatu na nusu ya ukutani.

Mwaka ukiisha, ndipo hujitokeza umbo la nane, analema. Mwinamo wa dunia wa nyuzi 23.4 hulipeleka jua kaskazini na kusini. Mwinamo huohuo, pamoja na mzingo usio duara kamili, hulifanya litangulie saa zetu kwa dakika 16 hivi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa 14 katikati ya Februari. Kitanzi cha Desemba ndicho kikubwa, maana mapema Januari dunia huwa karibu zaidi na jua na hukaza mwendo.

Natamani kuiona ya Mombasa. Karibu na ikweta, nane ya asubuhi hulala ubavu: Juni kushoto, Desemba kulia, nyuzi 47 toka ncha hadi ncha. Lenzi ya milimita 35 ikilazwa itaimeza yote. Masika yatameza majua kadhaa ya Aprili na Mei, na mapengo hayo yaachwe yaonekane.