Lugha ya Maelekezo ya Njia kwa Picha: Mfano wa Singida

Tumepata kuzisoma karatasi mbili za maelekezo ya njia, zilizotayarishwa na ofisi moja ambayo hatutaitaja. Zote mbili zaeleza safari ileile: kutoka Singida mjini kwa barabara iendayo Nzega, kuiacha barabara kuu Misigiri, kuingia Kiomboi, na kutoka hapo hadi kijiji kimoja cha Wilaya ya Iramba. Ya kwanza ilikusudiwa wageni wa kikazi. Ya pili wanakijiji, na hasa waendesha bodaboda wanaochukua wagonjwa. Michoro yake ni safi na nia ni njema. Lugha yake ndiyo iliyotushughulisha.

Mtungaji amedhani kuwa karatasi ya pili ni ile ya kwanza iliyopunguzwa maneno na kuongezwa ukubwa wa picha. La hasha. Mgeni na mwenyeji hawatofautiani kwa wingi wa elimu tu, bali kwa kile ambacho kila mmoja anakijua tayari. Mwenyeji haambiwi kwamba Misigiri ipo. Anataka kujua ni njia ipi kati ya mbili inayopitika baada ya mvua. Mgeni naye hajui hata aulize nini.

Tuchukue neno "njia panda". Katika karatasi hizi limetumika mahali barabara moja inapogawanyika kuwa mbili, likatumika tena mahali barabara mbili zinapokatana. Yakini, wasemaji wengi hufanya hivyo, na kamusi haziwakatazi. Lakini panda ni kitu chenye matawi mawili, kama kijiti cha manati. Twapendekeza kwamba katika maandishi ya namna hii "njia panda" libaki kwa mgawanyiko, na "makutano" liwe la barabara zinazokatana. Msafiri aliyeambiwa njia panda akakuta njia nne hana budi kusimama na kubahatisha.

Karatasi ya wageni yasema "elekea kaskazini", ile ya wanakijiji "pinda kulia". Kaskazini na kusini ni maneno tuliyopewa na mabaharia, kutokana na pepo za kaskazi na kusi. Mtu wa Iramba hana jahazi, ingawa shule imemfundisha maneno hayo na jua analiona kila siku. Kulia nako kuna hila yake. Kulia kwa nani? Aendaye Kiomboi ana kulia kwake, na arudiye ana kwake, na karatasi hiyo ilikusudiwa kutumika kwenda na kurudi. Maneno matatu yangetosha: "kulia uendapo Kiomboi".

Sasa picha. Mshale uliochorwa ukielekea juu ya karatasi, kwa dereva aliyesoma alama za barabarani, maana yake ni "mbele". Mzee mmoja tuliyemwonyesha alisema, "Hapa wanatuambia tupande mlima." Hakukosea, juu ni juu. Na katika nchi yenye mteremko kama ule wa Sekenke, kupanda na kushuka ni habari kubwa ya safari, ambayo mchoro haukuigusa hata kidogo.

Linalotusikitisha zaidi ni mbuyu. Alama kuu ya kugeukia imechorwa kuwa mbuyu wenye majani mengi, na kando yake shamba la alizeti lililochanua. Mchoraji bila shaka alipita wakati wa mvua. Kiangazi mbuyu husimama mtupu, na alizeti imekwisha kuvunwa. Tulielezwa kisa cha kijana wa bodaboda, mgeni wa upande ule, aliyetumwa usiku wa kiangazi kumfuata mama mjamzito akiwa na karatasi hiyo mfukoni. Alitafuta mti wa majani, akaupita mti wenyewe, akafika alfajiri. Mama alikuwa amejifungua salama mikononi mwa jirani. Hatutaki kuitegemea bahati hiyo mara ya pili. Mwamba ungefaa kuliko mti, na Singida haina uhaba wa mawe makubwa yenye majina.

Juu ya majina, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka vibao vya barabara na namba za nyumba. Mgeni husoma kibao; mwenyeji husema "kwa fundi baiskeli". Karatasi ya wageni ina la kwanza tu, ya wanakijiji la pili tu. Hivyo mgeni anayeuliza njia na mwenyeji anayejibu hawakutani kamwe. Majina yote mawili yaandikwe katika zote mbili.

Tuungame jambo moja. Mtungaji ameandika "mzunguko", nasi kwa kazi yetu tulipaswa kumpongeza. Madereva wote tuliowauliza walisema "kipilefti". Katika kitabu cha shule tutalitetea la kwanza. Katika karatasi ya kumfikisha mgonjwa hospitali, kipilefti liandikwe bila haya.

Limebaki lile la "mwendo wa saa mbili". Mfasiri wa nakala ya Kiingereza alidhani linatajwa basi la saa mbili asubuhi, akawaandikia wageni wafike kituoni wakati huo. "Muda wa saa mbili njiani" kungemwokoa.