Ukubwa wa Tairi Hauko Kwenye Rimu

Watu wengi huichukulia kazi ya kubadili matairi kuwa kazi ya mfuko: mwenye nazo anaonyesha kidole dukani, anafungiwa, anaondoka. Kisiwa cha Mafia hakikubali mambo yawe mepesi hivyo. Kutoka Kilindoni kwenda Utende ni lami, kilomita kama 14 za kwenda bila taabu. Ukishika njia ya kaskazini kuelekea Kirongwe, Kanga na Bweni, mambo yaliyozoeleka ni mchanga, mawe na madimbwi ya masika. Toyota Noah inayopeleka watoto shule ndiyo hiyo hiyo inayobeba magunia ya nazi na watu wa harusi. Nyumba nyingi hazina gari la lami na jingine la shamba. Hapo ndipo mwenye gari huanza kutamani magurudumu makubwa zaidi, na hapo ndipo fundi hujitenga na muuzaji. Sifa ya fundi ni kujua ukubwa uongezwe wapi na ukomee wapi. Kwa Mafia, naamini, uongezwe kwenye mpira, usiongezwe kwenye chuma.

Hesabu yenyewe imeandikwa ubavuni mwa tairi. Noah nyingi hutembelea 195/65R15: upana wa milimita 195, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127, na rimu ya inchi 15. Jumlisha rimu na mbavu mbili, juu na chini, utapata tairi la kimo cha milimita 634 hivi. Sasa aje anayetaka rimu ya inchi 17 inayong'aa. Ili mwendo wa gari usivurugike atafungiwa 225/45R17, na kimo chake ukikipiga hesabu ni milimita 634 vile vile. Gari halijainuka hata kidogo. Kilichobadilika ni ubavu, ambao umeshuka hadi milimita 101: chuma kimekula nafasi ya mpira. Macho yanasema gari limekua. Tepu inasema limebaki pale pale.

Rimu hizo hazistahili kudharauliwa. Kwenye lami nzuri, ubavu mfupi hauyumbi kwenye kona, na usukani ukiguswa gari hutii mara moja. Anayekaa mjini na kuzipenda ana haki yake. Lakini ubavu ndio unaopokea pigo kabla ya springi na shokapu. Ukiwa mfupi, jiwe la njiani huubana mpira dhidi ya ukingo wa rimu, na hapo tairi hupasuka kwa ndani au rimu yenyewe hupata ufa. Rimu ya chuma ikipinda kidogo hugongwa ikanyooka. Ya alumini ikishapata ufa haiaminiki tena. Halafu kuna mchanga. Dereva anayeujua hupunguza upepo ili tairi lilale na kukanyaga eneo refu zaidi, kisha hujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo likienda kasi huchemka. Ubavu mfupi hauna cha kulaza. Ukilipunguzia upepo tairi la namna hiyo, rimu ndiyo inayokaribia ardhi.

Basi fundi huibakisha rimu ya inchi 15 na kupandisha ubavu. Tairi la 195/70R15 lina kimo cha milimita 654, asilimia tatu zaidi ya la awali. Mtu atapinga hapa, na kwa haki: tofauti ya milimita 20 kwenye kimo huliinua gari milimita 10 tu, kwani nusu nyingine iko juu ya ekseli. Ni kweli, na asiyeridhika atauliza kwa nini asifunge tairi la Hiace, 195R15, ambalo ni gumu na hupatikana kirahisi. Kimo chake ni kama milimita 693, zaidi ya asilimia tisa juu ya la Noah. Mshale ukionyesha 50, gari linakwenda karibu 55. Injini inavuta kwa shida, breki zinapigana na gurudumu zito zaidi, na usukani ukikatwa mpira unakwaruza madigadi. Faida ya hatua ile ndogo haiko kwenye kuinuka sana. Iko kwenye milimita kumi za mpira zilizoongezeka kati ya jiwe na rimu, huku breki, gia na mshale wa mwendo vikibaki karibu na vilivyokuwa.

Hesabu ikishakubali, mkono nao huuliza maswali yake. Fundi makini hufunga gurudumu moja kwanza. Hukata usukani hadi mwisho upande huu, kisha upande ule, akapitisha vidole kati ya tairi na shokapu. Huwaomba watu wajae viti vya nyuma, maana Noah tupu na Noah yenye watu wanane ni magari mawili tofauti. Baada ya mzunguko mfupi huchungulia plastiki ya ndani ya madigadi: mstari mweusi unaong'aa ni ushahidi kwamba mpira umegusa. Husoma namba ya uzito, kwa mfano 91, ambayo ni kilo 615 kwa kila tairi, asikubali iliyo chini ya ile ya kiwandani. Husoma tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na kashata nzuri haziufanyi mpira mkongwe kuwa mpya. Na kama rimu imebadilishwa, huangalia nati, kwani nati za rimu za alumini za Toyota hukaa kwa washa bapa, ilhali za chuma hukaa kwa koni. Nati isiyokaa mahali pake hulegea njiani.

Wapo wanaosema kiwanda kimeshaamua, na fundi wa Kilindoni hana elimu ya kuongeza neno. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu hatua iwe ndogo na namba ya uzito isishushwe. Lakini kiwanda kilichagua kwa wastani wa barabara nyingi, wakati fundi anachagua kwa barabara moja anayoifahamu, na pia kwa soko analolifahamu. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, wenye magari nchini wamezidi kutegemea matairi yanayovuka bahari, na ya Mafia huvuka mara mbili. Saizi ya nadra ikipasuka Bweni humsubirisha mwenye gari mpaka lingine litoke Kariakoo. Kwa hiyo fundi huuliza kwanza nini kinapatikana. Kama 195/70R15 haipo, 205/65R15 hupandisha kimo kwa asilimia mbili, na kama nayo haipo, saizi ya kiwandani yenye kashata nene na upepo sahihi ni bora kuliko saizi kubwa isiyo na spea. Mteja anaweza kutoka hapo bila cha kujivunia mbele ya jirani. Akiwa ametoka na gari linalofika Bweni na kurudi, fundi amemtendea haki, hata pale alipomwambia asinunue.