Filta Iliyosingiziwa na Erthi Mbovu

Gari la dizeli kutoka Uingereza liliingia gereji moja ya Mombasa likiwa na hitilafu mbili kwenye skana: P2002, yaani filta ya masizi haichuji inavyotakiwa, na nyingine ya hita ya sensa ya masizi. Mwenye gari alikuwa ameshanunua sensa mpya na kuifunga, taa ikawaka tena. Kwingine alishauriwa apasue filta, atoe matumbo yake na kuifuta kwenye kompyuta. Ushauri huo umezagaa mjini na ni mbaya: moshi wote wanauvuta watu, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale.

Fundi alianzia nyuma. Alipitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzosi, kikatoka na vumbi jepesi la kijivu. Filta iliyopasuka ingekitoa cheusi tii. Si kipimo cha maabara, lakini kilitosha kuitilia shaka ile P2002.

Sensa hii hufungwa baada ya filta. Ndani yake kuna kipande cha kauri chenye njia mbili za metali, zimepangwa kama vitana viwili vilivyoingiliana meno bila kugusana. Masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Yakijaa kati ya meno, umeme huanza kupita, na kompyuta huhesabu muda uliotumika. Yakijaa upesi kuliko inavyokadiriwa, filta huhesabiwa mbovu. Kisha hita huipasha kauri hadi nyuzi 700 na zaidi, masizi yanaungua, hesabu inaanza upya. Hita ikiwa dhaifu, masizi ya zamani hubaki, meno huunganika mapema, na lawama huiangukia filta. Hitilafu ya pili ndiyo iliyozaa ya kwanza.

Plagi ya sensa ina nyaya nne: chanya, hasi, na mbili za mawasiliano. Plagi ilipochomolewa, mita ilisoma volti 12.4 kati ya chanya na hasi. Mafundi wengi huishia hapo, wakasema umeme upo. Lakini mita haivuti umeme wa maana. Uzi mmoja wa shaba uliosalia unatosha kuipa volti kamili, ilhali hita inataka ampea. Fundi akaweka balbu ya breki ya wati 21, ile ya kizamani yenye uzi ndani, badala ya hita. Ikawaka wekundu hafifu, na mita ikaporomoka hadi volti 7. Nyaya za mawasiliano hakuzigusa kwa balbu, na asizijaribu mtu yeyote hivyo, maana kompyuta inaweza kuungua.

Balbu ikiwa bado inawaka, ncha moja ya mita iliwekwa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya plagi. Ilisoma zaidi ya volti 5. Erthi nzima haifiki hata nusu volti. Waya ukafuatwa hadi kwenye bolti chini ya sakafu. Ganda lake lilikuwa safi kabisa. Kichwa cha waya kilipofunguliwa, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Uingereza humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na gari linaloingia Kenya ndani ya ukomo wa miaka 8 linaweza kuwa limeshapitia misimu kadhaa ya chumvi hiyo.

Waya ulikatwa mpaka ikaonekana shaba inayong'aa, kikafungwa kichwa kipya, bodi ikapigwa msasa, juu ikapakwa grisi. Jaribio lilifanywa barabarani, kwa sababu kompyuta haiwashi hita mpaka ekzosi ikauke: tone la maji huipasua kauri iliyopata moto. Kwenye skana, joto la sensa lilipanda kupita 700, umeme kati ya meno ukashuka hadi sifuri, kisha ukakaa hapo. Sensa ya zamani iliporudishwa, ilifanya vivyo hivyo. Ndiyo iliyoachwa kwenye gari, na ile mpya mwenyewe akaondoka nayo ndani ya boksi lake.