Ustadi wa Kumchagua wa Kusubiri

Mwaka 2009, mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, ulipokewa kwa shangwe, na waliouvusha bahari walistahili sifa zao. Mimi zangu nawapelekea watu wa nchi kavu: wale wanaokaa na ramani ya mtaa na kikokotoo, wakiamua uwezo wa kipande cha mwisho, kutoka kituoni hadi sebuleni kwako, ugawanywe vipi.

Tazama hesabu yao. Katika GPON, teknolojia iliyoenea sana kwenye faiba za majumbani, uzi mmoja wa kioo hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupandisha. Njiani, splita isiyotumia umeme huugawa mwanga huo, tuseme kwa nyumba 32. Ukigawa sawasawa, kila nyumba inapata megabiti 78 hivi. Kifurushi kilichouzwa ni cha 100! Asiyeijua kazi ataita wizi. Anayeijua anafahamu kuwa hata saa mbili usiku, nyumba zinazovuta kwa nguvu katika sekunde ileile ni chache: huyu anasoma ukurasa uliokwisha kufunguka, yule filamu yake imeshajiwekea akiba ya kutosha. Ustadi ni kulipima pengo hilo bila kulitumia vibaya, na kuwaambia watu wa mauzo wanaotaka splita ya 64: mtaa huu hauwezi.

Utamu wenyewe uko kwenye kupandisha. Nyumba zote hutuma kwa mwanga wa aina moja, wa nanomita 1310, na mbili zikimulika kwa pamoja zinaharibiana. Kwa hiyo mtambo wa kituoni hugawa zamu ndani ya fremu za mikrosekunde 125, fremu 8000 kila sekunde. Kilomita moja ya kioo huuchukua mwanga mikrosekunde 5 hivi, nyumba nyingine iko jirani na kituo, nyingine kilomita 20. Mtambo hupima safari ya kila moja, kisha huziamuru za karibu zichelewe kujibu, hadi zote zihesabike kuwa umbali mmoja. Ni adabu ya sinia: aliye karibu na nyama hajipakulii kwanza.

Zamu zikishapatikana, inabaki kuamua nani apewe nini. Simu ya sauti haihitaji hata kilobiti 100 kwa sekunde, ila haina subira. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, wazungumzaji huanza kukatizana. Hiyo hutengewa fungu lake maalumu. Ofisi huhakikishiwa kiwango, na kikikaa bure wengine hukitumia. Faili linalopakiwa usiku hula masalia. Mpangaji mzuri ni mchoyo wa fungu maalumu, kwa sababu halikopeshwi: simu ikinyamaza usiku kucha, nafasi yake hukaa tupu huku jirani akihangaika.

Hakuna mtambo unaoweza kufanya wote wapite kwa wakati mmoja. Lazima awepo wa kusubiri, na kumchagua ni kazi ya mtu aliyewafikiria wote 32. Namsifu anayemsubirisha mwenye faili nusu sekunde asiyoihisi, ili bibi wa nyumba ya mwisho amsikie mjukuu wake bila kusema "haloo" mara tatu.