Mkufu wa Meya Hupimwa kwa Mgongo Wake

Mkufu wa meya ukilazwa mezani, macho hukimbilia nishani ya katikati na wengi huuliza dhahabu yake ni kiasi gani. Swali hilo linamfaa mnunuzi wa madini, si mpima ufundi. Mikufu mingi ya Uingereza ilitengenezwa baada ya sheria ya serikali za miji ya 1835, mabaraza yalipotaka alama za hadhi, na si michache ni ya fedha iliyochovywa dhahabu. Baadhi yake ni kazi bora kuliko mikufu ya dhahabu tupu. Anayetaka kuujua ubora augeuze mkufu kwanza, maana sonara hujulikana kwa upande ambao hakutarajia utazamwe.

Anza na alama. Kwenye fedha ya Birmingham, mji wenye sifa kubwa katika kazi hii, utaona nanga ya ofisi inayopima madini huko tangu 1773, simba anayetembea kuthibitisha kuwa fedha ni sehemu 925 kwa 1000, na herufi ya mwaka. Herufi zikitofautiana kati ya kiungo na kiungo, usiseme haraka kuwa mkufu umechezewa: mingi iliongezewa viungo vyenye majina ya mameya waliofuata. Linganisha kazi yenyewe. Fundi mvivu huchukua kiungo cha zamani, akakitengenezea kalibu na kumimina kingine. Hicho hutoka kidogo kuliko mwenzake kwa sababu madini hunywea yakipoa, kingo zake ni butu, na mara nyingi uso una vitundu. Kiungo kilichopigwa kwa muhuri wa chuma kina kingo kali na uso ulioshikamana.

Kwenye nembo ya mji, chunguza enameli. Ni kioo kilichosagwa na kuyeyushiwa juu ya madini kwa joto la nyuzi 800 hivi. Ielekeze kwenye mwanga wa mshazari: enameli angavu iliyofanywa vizuri ina kina, na chini yake mara nyingi huonekana mistari iliyochongwa. Rangi ya plastiki haina kina hicho, na sindano huikwaruza. Kisha pindua nishani. Kioo kikishakaa juu ya madini, moto wa kulehemu hukipasua, kwa hiyo fundi makini huunda ngao na taji kila kimoja peke yake, akavikaza kwa nati ndogo upande wa nyuma. Wapo wanaoziona nati hizo kama kiraka. Mimi naziona kuwa ushahidi bora zaidi wa fundi aliyeipanga kazi yake kabla ya kuwasha moto.

Mtu atapinga: mkufu huonwa kwa mbali, mgongo wake unamhusu nani? Lakini hata wa mbali huona mgongo ulivyofanywa. Viungo vilivyoshikwa kwa kipete kimoja hujipindua meya akitembea. Vilivyoshikwa kwa viwili hutulia juu ya joho. Isitoshe, kitu hiki ni cha kurithishwa. Mkufu wa Lord Mayor wa London, wenye herufi S, mawaridi na mafundo, uliusiwa na Sir John Alen katika karne ya 16 na ungali unavaliwa.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha za umma. Desturi hii ilifika hata kwetu: Kenya iliachana na mameya wa zamani serikali za kaunti zilipoanza 2013, ila Tanzania meya bado huvaa joho na mkufu, na halmashauri ina mengi ya kulipia. Nakubali, na kwa sababu hiyo ningechagua mkufu wa fedha usio na enameli kabisa, wenye viungo vinene na vipete vilivyofungwa kwa lehemu ya fedha. Vipete ndivyo vinavyolika kwanza; vikikatika, vibadilishwe. Asiruhusiwe mtu kuviziba kwa lehemu ya risasi, kwani sonara atakayeupasha moto mkufu huo baadaye ataikuta risasi imekula fedha na kutoboa mashimo.