Magadi huua asidi, risasi hubaki

Katika gereji moja ya Changamwe, Mombasa, nilimtazama fundi akisafisha betri ya matatu iliyoota ukungu mweupe na kijani kwenye vichwa vyake. Alivaa glavu na miwani, akafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akaikalisha betri ndani ya beseni la plastiki. Katika lita moja ya maji ya vuguvugu alikoroga vijiko viwili vya magadi, yale yale ya kuivishia maharagwe. Kabla ya kumwaga tone alikaza vifuniko vyote sita, maana magadi yakipenya ndani huidhoofisha asidi, na betri ndiyo hiyo imeharibika.

Povu likafoka. Magadi yalikuwa yakila asidi ya salfa, gesi ya kaboni ikitoka. Lilipotulia, akasugua kwa mswaki mkuukuu na kufuta kwa kitambaa. Mpira wa maji ulikuwa hatua mbili tu kutoka alipochutama, na hakuugusa. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ilipofanikiwa. Maji ya mpira yakishakimbilia mtaroni hayafuatiki tena. Lita moja ndani ya beseni mtu anaimudu.

Wengi huona povu limekwisha wakadhani maji yamekuwa salama. Asidi imekufa, kweli. Ila ukungu ule mweupe una salfeti ya risasi (ule wa kijani ni shaba ya waya), na risasi haiuliwi na magadi. Salfeti hiyo huyeyuka kidogo mno, takriban miligramu 40 kwa lita, lakini Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Magadi husaidia kwa njia nyingine: hugeuza sehemu kubwa ya risasi iliyoyeyuka kuwa mashapo. Yakizidi mno, risasi huanza kuyeyuka tena, kwa hiyo povu likikoma, usiongeze.

Beseni lililala hadi asubuhi, mashapo ya kijivu yakatuama. Kisha fundi akamwaga maji ya juu, meupe kabisa kwa macho, chini ya mwarobaini. Hapo alikosea. Udongo huishika risasi kwa miaka mingi, na kivuli cha mti huo ndicho watoto wanachochezea. Na Changamwe si mbali na Owino Uhuru, mtaa ulioingiwa na sumu ya kiwanda cha kuyeyushia betri, ambako mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Beseni si kiwanda, lakini madini ni yale yale.

Nilimweleza hivyo, naye akanisikiliza. Sasa beseni hukaa juani juu ya paa, limefunikwa kwa wavu wa dirisha, na mvua ikitanda hulishusha. Maji yakikauka, ukoko unaobaki hufungwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa na mswaki, ukisubiri kwenda na betri chakavu kwa mnunuzi mwenye leseni ya kuzirejeleza.