Leso ya Desdemona

Huenda siku moja kijana wako akaja nyumbani na mchezo wa Othello alioutunga Shakespeare, uliochezwa katika jumba la mfalme wa Uingereza mwaka 1604. Usimkataze. Kaa naye muusome, kwani mna ndani yake somo la balagha na somo la ndoa.

Othello ni Mmaghribi aliyebatizwa, jemadari wa dola ya Venice, naye amemuoa Desdemona kwa siri, babake binti hana habari. Sisi tutauliza wali yuko wapi, na tuna haki ya kuuliza. Baba kwa hasira alimuonya mkwewe kuwa binti huyo si wa kuaminiwa, na neno hilo Iago atakuja kuliokota.

Tazama kwanza vita. Waturuki wanaelekea Cyprus na jeshi linapelekwa huko. Mara tufani inazitawanya merikebu zao kabla upanga haujachomolewa. Wengine huona hapo mtungaji amewapunja watazamaji. Mimi naona ndiyo hila yake kubwa. Amemleta jemadari kisiwani, akamuondolea adui, na vita vikahamia chumbani. (Katika tarikh, Waturuki walikwisha kukitwaa kisiwa hicho mwaka 1571.)

Kisha tazama neno "mwaminifu". Kila mtu humwita Iago hivyo, na Othello kuliko wote, hali sisi tumekwisha kumsikia Iago akiwa peke yake akipanga uovu wake. Walimu wa skuli huliita jambo hili kinaya. Tuliosoma balagha kinaya tunaijua kwa maana nyengine, lakini tusigombee jina. Athari yake ni kuwa msomaji anajua, wala hawezi kumzindua anayeangamia.

Iago mwenyewe hasemi waziwazi. Hurudia neno la mwenziwe kama mwangwi, akanyamaza, akajifanya anaficha, mpaka Othello anamsihi aseme. Mfitini hodari huombwa fitina yake.

Halafu leso. Zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe, aliyoirithi kwa mamake. (Neno lenyewe, leso, tumelipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa kitambaa cha mkono kama hiki, kabla ya wanawake wetu kujifunga leso zao.) Inaanguka, Emilia mke wa Iago anaiokota na kumpa mumewe, naye anaitupa chumbani mwa Cassio. Mwanzo wa mchezo ni kitambaa cha mapenzi. Katikati kimegeuka shahidi, na shahidi huyo hana ulimi. Othello alitaka aone kwa macho yake, akaridhika na pamba la uzushi.

Mtu atasema Surat al-Hujurat imeamrisha kuichunguza habari ya fasiki, na Iago hakujulikana kuwa fasiki. Ni kweli. Ndiyo maana Surat an-Nur haikuishia hapo: ikataka mashahidi wanne, na mume asiye nao ikamwekea liani, yeye ale viapo na mke ale viapo. Mke ana zamu yake ya kusema. Desdemona alipewa zamu hiyo kitandani, mauti yakiwa juu yake, na Cassio hakuulizwa kitu mpaka amekwisha kufa.

Sikiliza pia lugha ya Othello. Mbele ya wazee wa Venice maneno yake yanatiririka hata mtawala anavutiwa. Dhana ikishaingia, sentensi zinakatika vipandevipande, mwisho anaanguka na kuzimia. Hatuhitaji kuambiwa akili imepotea, tumeisikia ikipotea.

Na Emilia? Bibi yake alipomuuliza leso iko wapi, alijibu hajui. Alimtetea kwa Othello alipohojiwa, lakini habari ya leso hakuitaja. Aliitoa mbele ya maiti, kwa maneno machache tu, na mumewe akamchoma upanga.